Vifurushi Viwili Ndani ya Debe Moja

Sijui kama nilifanya vibaya. Jambo hili nimeliandika mara mbili kwa penseli na mara zote mbili nimelifuta. Sasa naliandika kwa wino.

Tulikuwa tunakaa Ndabibi, ng'ambo ya ziwa la Naivasha, kwenye shamba la mzungu mmoja wa ng'ombe na mahindi. Mume wangu alikuwa mkamuaji. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa mawili tu kwa misheni, na kila siku niliandika neno moja au mawili kwenye daftari ili mkono usisahau. "Jumatatu. Mvua. Mtoto hakula." Mtoto ni yule wetu wa tatu, aliyekuwa ametoka kuugua surua akabaki kama kijiti. Akiona kijiko anageuza uso. Nikilifungua daftari lile, "mtoto hakula" ndiyo maneno yaliyojaa kuliko mengine yote.

Posho yetu ilikuwa unga, mahindi, maharagwe, chumvi kidogo, na maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi. Lazima niseme haki, chakula hakikukosekana. Kilichokosekana ni kuni. Ilikuwa miaka ya Imajensi, serikali ikiwasaka Mau Mau, na wanawake tuliruhusiwa kwenda kuokota kuni siku mbili tu kwa juma, askari akitufuata nyuma. Na mahindi makavu na maharagwe si chai, yanataka moto mchana kutwa. Ukipika ugali kila siku kuni zinatosha, lakini ugali na maziwa yale mepesi haukai tumboni. Jua halijasogea watoto wanakuangalia tena.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama kutoka Ukambani, amenizidi kama miaka kumi. Mumewe alikuwa fundi wa seng'enge. Huyo mama ndiye aliyeleta akili ya vifurushi.

"Dada, wewe unachoma kuni, mimi nachoma kuni, na moto ni huo huo. Lete debe."

Lilikuwa debe la mafuta ya taa, tukalikata juu na kulisugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha. Kila mmoja alifunga mahindi na maharagwe yake ndani ya kitambaa cha mfuko wa unga, halafu vifurushi viwili vikachemka kwa maji mamoja. Chake alikifunga kwa uzi mwekundu, changu kwa katani. Siku ya kwanza changu nilikijaza mpaka juu, maana niliona nikiacha nafasi nitakuwa nimejipunja. Mahindi yalipovimba hayakuwa na pa kwenda. Ya katikati yalitoka magumu kama kokoto.

"Umefunga mahindi ama umefunga mwizi?" akaniuliza. "Jaza nusu. Nafasi nayo ni chakula."

Mahindi yake aliyatwanga kwanza kuondoa maganda, kwa hivyo yaliiva mapema, naye akatoa kifurushi chake na kwenda zake. Changu kilibaki, na moto ule wa mwisho ulikuwa wangu peke yangu. Niliona nimefaidi, kisha nikakumbuka kwamba kutwanga ni kazi na mimi sikuifanya. Basi tulikuwa sawa, au karibu sawa. Maji ya debe tuligawana kwa kikombe, chake, changu, chake, changu. Mimi yangu nilipondea viazi na majani ya malenge, kikawa chakula kizito cha kumkalisha mtu mzima chini.

Baada ya siku kadhaa nikaona maji yale yana macho ya mafuta.

Mume wangu akasema, "Mama watoto, siku hizi chakula kina nguvu."

Na mtoto, Alhamisi moja, alishika bakuli mwenyewe. Nimeandika: "Mtoto amekula. Ameomba tena."

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu sijui nilijua lini. Watu wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walijua kwamba bwana mwenye shamba akiwakuta punda milia ndani ya majani ya ng'ombe wake anawapiga risasi. Ngozi ilikuwa yake, nyama iligawiwa wafanyakazi Jumamosi. Ilipofika zamu ya nyumba yetu nyapara alitupita. Kwetu, upande wa Kinangop, nyama ya porini hailiwi, na mume wangu aliishika sana desturi hiyo. Alikuwa akisema baba yake alilala njaa mwaka mzima wa ukame, swala wanapita mlangoni, na hakunyoosha mkono. Nyama ya jirani nilikuwa naiona kila siku nikiingia kwake, imekatwa vipande virefu, imening'inia juu ya moshi. Nilihitaji kuambiwa? Mafuta yale nilijiambia ni ya maharagwe. Maharagwe hayana mafuta, hilo hata mtu asiyesoma analijua.

Mwishowe nikamuuliza. "Dada, ndani ya kifurushi chako kuna nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Hicho mtoto wako anamaliza." Akaniangalia. "Punda milia. Ulifikiri ni nini, siagi ya bwana?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza siku ya kwanza, ningekuambia siku ya kwanza. Mimi nyama yangu sikuiweka kwako, niliiweka kwangu. Sasa maji nitayafunga na kamba gani?"

Nimeyapima maneno hayo miaka mingi na bado naona alisema sawa. Lakini alijua sisi hatuli. Halafu tena, labda aliiweka kwa ajili ya mtoto wangu, akaninyamazia ili nisilazimike kukataa. Kama ni hivyo, kumuuliza kulikuwa kumtukana. Hakuwahi kusema, na mimi sikuuliza mara ya pili.

Nikimwambia mume wangu, atasema kifurushi chetu kitoke kwenye debe. Kuni hazitatosha, tutarudia ugali na maziwa mepesi, na mtoto atageuza uso. Nisipomwambia, namlisha mtu kwa mkono wangu kitu alichokikataa tangu utoto. Niliwaza hivyo siku nne, na siku zote nne kifurushi changu kilikuwa ndani ya debe. Hilo silifichi.

Jumapili mchana alikuwa ameketi nje anashona kiatu. Nikamwambia yote.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Labda wiki tatu."

"Na wewe umekula?"

"Nimekula."

"Ukijua?"

"Sijui kama nilijua."

Aliweka kiatu chini, akainuka na kwenda mlango wa jirani. Nilingoja kelele, lakini kilichokuja kwenye ukuta ni sauti za watu wanaozungumza, na mara moja fundi wa seng'enge akicheka. Mume wangu alirudi, akaokota kiatu chake.

"Mimi nipikie ugali," akasema. "Watoto wafuate debe."

"Na mimi?"

"Wewe si una mdomo wako?"

Nilikaa na neno hilo kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuonyeshwa mlango. Alikuwa na hasira? Kesho yake nikamuuliza. Akasema, "Hasira ya nini? Punda milia amenikosea nini?" Na bado hakula. Ugali wake niliusonga kwa makaa yaliyobaki debe likishaepuliwa, ili kuni zisizidi, kwa hivyo alikula baada ya sisi sote. Hakulalamika. Ningefurahi angelalamika.

Jirani naye aliniambia, "Huyo mzee wako alikuja kuniuliza kama nyama naikausha kwa jua ama kwa moshi. Nikamwambia kwa moshi. Akasema, haya. Dada, anataka nini?"

"Sijui."

"Umelala naye miaka minane na hujui?"



Jumamosi iliyofuata bwana alikuwa ameua wawili. Nyapara alisimama na shoka akiita nyumba moja moja. Alipofika kwetu hakupita kama kawaida.

"Nyinyi wa mkamuaji," akasema, "bado mnaringa?"

Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa hapo kando na mkebe wa maziwa mkononi. Aliniangalia mimi. Uso wake nimejaribu kuuandika na sikuweza. Haukuwa unakataza, wala haukuwa unaruhusu.

"Haya, nipite?" nyapara akasema.

Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, na alikuwa mzito. Nikatoa karai.

Nyapara alitia mguu mzima wa mbele. Mume wangu akainua mkebe wake akaenda zake kwenye banda la kukamulia, na mimi nikabaki na mguu nisiojua kisu kinaanzia wapi. Jirani alinionyesha. "Fuata mshipa wa nyama, usipigane nao." Tukakata vipande virefu, tukapaka chumvi, nikavifunga kwa katani, nikavitundika ndani kwangu kwa mara ya kwanza.

Jua lilikuwa bado liko juu mume wangu aliporudi. Aliinama kupita chini ya nyama ile, akasimama, akaitazama kwa muda.

"Umeweka chini sana," akasema. "Moshi unajaa juu."

Akaipandisha mwenyewe, kipande baada ya kipande. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akangoja ugali.