Sisimizi Walipohama

Ugonjwa wa baba yangu tuliujua kwa sisimizi. Nyumba yetu ya Kisauni ilikuwa na choo uani, lakini mkojo ulimbana mara nyingi mno, akawa hafiki. Akakojoa chini ya mpapai nyuma ya jiko. Ardhi pale haikukauka, na sisimizi walijaa tangu alfajiri. Hospitali walisema ni sukari. Wakampa dawa, wakamwambia arudi kila mwezi kupimwa mkojo.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachwa na mume, na sikutaka huruma ya mtu. Nilitaka kazi, nikamfanya baba kazi yangu. Kopo la sukari nililificha. Haluwa ya harusi nilimnyang'anya mkononi mbele ya wageni. Kila siku ya tatu nilikwenda Ziwa la Ng'ombe kununua maziwa, nikayatia katika kibuyu nilichokifukiza kwa kaa la moto, nikayaacha yagande. Majirani walisema mtindi husafisha damu, nami sikuuliza wamejuaje. Baba alizoea kuunywa na vijiko vitatu vya sukari. Sasa aliunywa bila sukari, amekunja uso.

"Wanitesa," alisema. "Wallahi hata mamako hakunitesa hivi."

"Kunywa, baba."

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilikwenda mpapaini kuwatazama sisimizi. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo changu, na nilikiamini kuliko vichupa vya hospitali. Baada ya miezi kadhaa wakaanza kupungua. Siku moja sikuona hata mmoja. Nililia kwa furaha, nikamkimbilia chumbani. Ilikuwa siku yake ya hospitali na alikwisha vaa kanzu.

"Wamehama, baba. Sukari imekwisha."

Akaivua kanzu, akaitundika msumarini. "Basi niende nikafanye nini? Nishapoa."

Sikumbishia. Mwezi uliofuata hakwenda, na uliofuata pia. Siku hizi nasikia wataalamu wanauchunguza mtindi, kama unawafaa watu wa sukari walioharibika figo. Huenda unawafaa, mimi sina ugomvi na mtindi. Ugomvi wangu ni na asubuhi ile. Uhuru wa nchi ulikuwa karibu wakati ule, na baba alikufa bila kuuona.

Alikuwa akinenepa, au ndivyo nilivyotaka kuona. Mashavu yaliyokuwa yamebonyea yakajaa, hasa akiamka. Wanawake kisimani walinipongeza nami nikajivuna waziwazi. Viatu vikambana, nikamnunulia makubadhi mapana. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni, kidole changu kiliacha shimo, na shimo likabaki pale pale. Chini ya mpapai mkojo wake ulitoa povu lisilopasuka. Niliyaona yote hayo. Niliogopa, na kwa woga nikamwongezea mtindi.

Alipoanza kuhema kila akilala chali, nilimlazimisha tuvuke daraja twende hospitali. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyekuwa akipima mkojo, alitia matone machache katika dawa ya buluu, akaichemsha juu ya taa ya spiriti. Ikabaki buluu.

"Sukari haionekani," alisema.

Baba alinigeukia akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Nikatabasamu pia.

Kisha dresa akachukua mkojo mtupu, akauchemsha katika kichupa cha pili. Uliingia ukungu, halafu ukaganda mabonge meupe yakatuama chini. Niliyatambua. Yalikuwa kama yale niliyoyapata kibuyuni kila siku ya tatu.

"Ni figo," dresa alisema. "Zikichoka, sukari haipiti tena kwenye mkojo. Yabaki mwilini. Mzee, mbona hukurudi miezi yote hii?"

Baba alijinyoosha kitini, akanielekezea kidole kwa fahari.

"Nilikuwa na daktari wangu nyumbani," alisema.