Afande Alipoambiwa Asimame

Jumamosi hapa Nyamongo niliona jambo ambalo bado linanichekesha! Askari mmoja alikuwa ametangaza sokoni kwamba ng'ombe wa mama muuza maziwa ni wa wizi. Wateja wakamkimbia, maziwa yakaganda, vijana wakaanza kusema watamchomea boma. Mama akapeleka shauri kwenye ritongo, baraza letu sisi Wakurya, ambako aliyemsema mtu husimama mbele yake bila kofia na kurudia maneno yake.

Afande alifika, akakaa kitini kama mgeni rasmi.

"Simama, mwanangu. Vua kofia," mzee akamwambia.

Akasimama. "Shikamooni wazee. Mimi nilisikia tu."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wana majina. Mtaje mmoja."

Mwishowe akanong'ona kwamba hana ushahidi.

"Hapana, baba!" yule mama akaruka. "Sema kwa sauti ile ya sokoni!"

Akasema, tena kwa sauti ya gwaride! Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma.

Kesho yake maziwa yaliisha mapema. Waliotangulia kwenye foleni ni walewale waliokuwa wakimkwepa, wakiapa kwamba hawakuamini hata kidogo. Afande ana mdomo mmoja tu. Mingine yote iliyosambaza maneno yale ilikuwa yetu.