Sombe Yenye Meno

Mmea ule uliota nyuma ya jiko letu, hapa mtaani Kasingirima, katikati ya mihogo, pale pale mdogo wangu alipozoea kukaa akivuta na kutupa mbegu. Mvua za kwanza tangu ziwa limchukue ndizo zilizouotesha. Niliutambua ungali mchanga, nikasema nitaung'oa kesho. Bangi haina habari na kesho ya mtu. Ukanipita kiuno, ukanipita kifua.

Mtumbwi wao wa dagaa ulitoka Kibirizi naye ukarudi bila yeye. Wavuvi wenzake walimtafuta hadi upande wa Kagunga, wakarudi mikono mitupu. Msikitini akasaliwa hivyo hivyo, maiti hayupo. Tukamaliza matanga, nguo zake tukazifua na kuzitoa sadaka. Mama hakulia. Ana mtoto wa jicho, haoni ila vivuli, na baada ya msiba alihamishia mkeka wake nyuma ya jiko. Asubuhi yupo pale, alasiri yupo pale.

"Nalinda sombe yangu," alisema nilipomuuliza.

Sombe ndilo jina letu la majani ya muhogo, na mimi niliamini kabisa kwamba mama haoni tofauti. Nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba siku moja atayachuma kwa kupapasa, ayatwange, ayaunge na mawese, nyumba nzima tulewe.

Kisha jirani yetu, mama wa Kikongo anayeuza mandazi, akaniita pembeni.

"Dada, ile sombe yako iko na meno," alisema. "Inachungulia ku njia."

Nilikwenda kuangalia. Jani la muhogo lina ukingo laini. Haya yalikuwa na meno ya msumeno, na yale makubwa ya chini yalishapenya uzio wa matete hadi kwenye njia ya bombani. Nilikasirika, nikamkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Polisi wakija hawatamuuliza aliye ziwani. Watambeba anayekutwa amekaa kivulini mwa mmea, naye ni mama yangu.

Nikachukua jembe. Nilipolishika shina nikasikia kikohozi. Mdogo wangu alikuwa na kikohozi kifupi cha mvutaji, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Niligeuka, hakuna mtu. Nikaliweka jembe chini.

Alipenda kunitania nikichuma mboga: "Dada, sombe unachuma kichwa, hii yangu unachuma miguu." Kweli, kwenye muhogo tunatafuta ncha changa. Yeye, kwenye miche ya bangi aliyowahi kuotesha, aliondoa majani makubwa ya chini, mwanga uingie, mmea upate nguvu. Hapo ndipo niliponaswa. Nikiyatoa ya chini, njiani hakitaonekana kitu. Lakini nitakuwa nimeulea mmea wake kwa mkono wangu, kama alivyotaka yeye, na utazidi kunawiri.

Nilizunguka na wazo hilo wiki nzima, nikimfokea kila mtu. Mwishowe, mama alipoingia ndani kusali adhuhuri, nikachuma miguu. Majani yaliacha utomvu vidoleni na harufu ikapanda, nzito, ya nguo zake. Niliyatumbukiza chooni, nikanawa kwa sabuni, nikanawa kwa limau.

Nilipompelekea mama chai mkekani, alinishika kifundo cha mkono akavivuta vidole vyangu puani.

"Umeyachuma."

"Yapi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Sombe inanuka hivi?"

Nilivuta mkono wangu, hakuuachia.

"Nguo zake mlizifua zote," alisema. "Hata lile shati la kazi mlilifua. Mwenzangu akifiwa anakwenda makaburini, mimi niende wapi? Umechuma ya wapi?"

"Ya chini."

"Ya juu niachie."

Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu mtumbwi urudi, vidole vyangu vikiwa bado puani mwake. Nami nililia. Nilijua kwamba jembe sitalishika tena, na kwamba kila majani yatakapochungulia njiani nitakuja kuchuma miguu, mpaka siku tutakayokamatwa.

Kikohozi kile kikaja tena, kifupi, kutoka kwenye mihogo. Nilijikaza nisigeuke.

Mama ndiye aliyegeuka.