Gome la Mti wa Nyani

Juzi nilirudi Balangdalalu kumsalimia jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Nilimpelekea kilo mbili za sukari na jambo moja ambalo nimelibeba tangu niko darasa la nne. Sukari ilikuwa nyepesi zaidi, rafiki yangu.

Miaka ile ngano ilifika mpaka nyuma ya zizi letu. Wakati wa mavuno nguo, maziwa, hata uji vilinuka mabua. Katikati ya ngano ulibaki mti mmoja mchungu ajabu, ambao jirani aliuzunguka na trekta lake kwa sababu bibi alimwomba. Ulikuwa mti wa nyani. Bibi alisema nyani akiwa mzima huiba ngano, lakini akiumwa tumbo hupita katikati ya masuke bila kuyagusa, huenda kutafuna gome la mti ule, kisha hulala hapo mpaka apate nafuu. Niliwahi kumwona jike mmoja aliyekonda, mtoto mgongoni, akitafuna huku amekunja uso vilevile tulivyokunja sisi tukinyweshwa.

Maana na sisi tulinyweshwa. Bibi alichemsha gome lile kwa ajili ya minyoo, na sharti lake lilikuwa moja: kata upande jua linakochomoza, kipande cha kiganja tu. Upande wa pili ni wa wenyewe. "Wao ndio walituonyesha," alikuwa akisema.

Siku moja mdogo wangu, bado wa miaka mitatu hivi, aliumwa tumbo. Bibi miguu yake ilikuwa imeshachoka, akanipa panga nikakate mimi. Siku hiyohiyo kombaini ilikuwa shambani, na watoto wote walikuwa nyuma yake wakiokota masuke yaliyobaki, yale ambayo nyumbani yaligeuka chapati. Nilikuwa na uroho wa chapati, nikwambie ukweli. Nikaona nikikata mengi sitahitaji kuufuata tena mti msimu mzima, hata nikitumwa. Nikauzunguka mti wote, nikauvua magome kuanzia usawa wa kifua changu mpaka chini. Nyumbani nikatoa kipande kimoja, mengine nikayaficha darini. Mdogo wangu akapona, na chapati nikala.

Mti ukakauka. Mvua zilipokuja na jirani akaanza kupulizia ngano dawa ya magugu, bibi aliutazama mti kutoka zizini, akaona hauna hata jani. Jirani alipopita na trekta akamsimamisha.

"Nilikuomba uuache, wewe umeunywesha sumu!"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi. Jirani alinitazama kidogo, akamgeukia bibi.

"Nisamehe, mama," akasema.

Bibi hakumsamehe. Maziwa aliyokuwa akimpelekea kila Jumapili yalikoma, na salamu zake akaziitikia kwa shida mpaka alipofariki. Mimi nilinyamaza miaka yote hiyo.

Juzi ndipo nikamwambia. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Nilijua, mwanangu. Dawa ya magugu haiachi alama za panga."

"Sasa kwa nini hukusema, mzee?"

"Bibi yako alikuwa amebakiwa na wewe tu wa kumtuma. Angemtuma nani tena?"

Nililia pale mbele yake bila aibu. Shamba lenyewe halipo tena, pamegawanywa, pamepandwa mahindi na mbaazi, na wanasema nyani hawashuki siku hizi. Yeye amenisamehe, namshukuru Mungu. Lakini kuna kitu hata yeye sikumwambia. Msimu ule mti ulipokauka, yule jike alirudi. Alipita katikati ya ngano bila kugusa suke, akakwaruza shina kavu kwa kucha, akanusa vidole vyake, akakaa. Alikaa mpaka jioni, na mtoto wake amemlalia mapajani. Nilimwona kutoka mlangoni kwetu. Magome yalikuwa darini, juu ya kichwa changu, na sikumpelekea hata kipande.