Harufu Haisikiki kwa Kiingereza

Leo mwanafunzi amenisahihisha mbele ya darasa zima.

Ni Wanyonyi, mfanyakazi anayejifunza Kiingereza kwangu. Anataka cheo cha usimamizi kiwandani, na wasimamizi huandika ripoti kwa Kiingereza. Akaandika: "I heard the smell of smoke."

Nikaipigia mstari mwekundu. Kwa Kiswahili tunasikia harufu. Kwa Kiingereza, masikio hayanusi.

"Lakini mwalimu, bosi ataelewa tu."

"Akielewa lakini akakunyima cheo, je?"



Mara waya wa feni ukaanza kuungua. Nikapaza sauti: "Can't you hear that smell?"

Wanyonyi akadakia:

"Ni smell tu, mwalimu. Hear toa. Na sisi tutoke!"

Chekeni, ndugu zangu, nawaruhusu.

Kesho sentensi zote mbili zitakuwa ubaoni, yake na yangu. Hatoki mtu mpaka zinyooke.