Panya Mwenye Mfuko

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kazini kwa wazee ninaowatunza, nafunga mlango wetu hapa Temple Hills, huku ughaibuni, na jirani akigonga najifanya nimelala. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu, ninayeishi naye, aliposema anataka kwenda jangwani Australia kwa sababu ya paka, nilimwambia paka wako hapo nyuma ya nyumba, tena mmoja nampa samaki wa kopo kila asubuhi. Ndege ya nini?

"Aunty, sio paka tu. Ni vitu paka inakula."

Anasomea wanyama chuoni College Park. Kiswahili anakisikia chote, ila akikisema ni kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Alitaka kujua hivi: wale wanyama wadogo wa jangwani wanaopungua, wanamalizwa na paka waliogeuka wa mwituni, ama na ukame? Na hakutaka kwenda bila baraka za shosho yake, yaani mama yangu, aliye Nakuru. Kwetu wazazi walitoka makabila mawili, tukalelewa kwa Kiswahili. Ukalimani ukaniangukia mimi, niliyeishia kidato cha nne na biolojia nikaimaliza nikisinzia.

Jumamosi asubuhi tukapiga simu ya video.

"Mama, anataka kwenda kuona kama paka wanamaliza panya."

Nilitafsiri kwa moyo mweupe. Mnyama mdogo, ana mkia, ana masharubu, ningemwitaje?

Mama alicheka mpaka simu ikatuonyesha dari. "Si ndiyo kazi yake! Ale nini, sukuma wiki? Mwambie aje hapa stoo yangu, panya wamejaa. Haendi mahali."

Sitasema sikufurahi. Lakini mtoto macho yalimjaa maji.

"Aunty, umeharibu! Sio panya. Iko na mfuko."

"Mfuko wa nini, anavaa suruali?"

Akaninyang'anya simu. "Shosho, ni kama kangaruu. Lakini kadogo, kanatoshea kwa mkono. Mama anabeba watoto kwa mfuko, hapa tumboni."

Mama aliacha kucheka. "Kwa hiyo paka akimkamata huyo mama..."

"Na watoto wanaenda."

Nilianza kuzunguka meza. Namjua mama yangu, anafuga kuku, hadanganyiki upesi.

"Vifaranga wangu wakipungua," alisema, "mimi nasema ni mwewe, jirani anasema ni ugonjwa. Wewe utajuaje ni paka na si jua?"

"Kuna fence, Shosho. Ndani hakuna paka. Nje wako. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile. Tunahesabu ndani, tunahesabu nje."

"Na wakipungua pande zote?"

"Basi sio paka peke yake. Nitakuja nikuambie hivyo."

"Hapo umesema." Akaitemea skrini mate kidogo, baraka za kwao. "Nenda. Ubebe sweta, jangwa lina baridi asubuhi. Na huyo paka wa aunty yako, yuko ndani ama nje?"

"Nje, Shosho," akanichoma papo hapo.

Hapo nikakumbuka kulikuwa na kindi mdogo mwenye mistari mgongoni, akiishi chini ya ngazi zetu. Nilikuwa sijamwona kitambo. Mimi nilikuwa nimeilaumu mashine ya kukata nyasi.

Sasa mtoto yuko jangwani na paka yuko sebuleni. Anatoka dirishani anaenda mlangoni, anarudi, nami nyuma yake, simu mkononi, nikiangalia kama huko wameamka. Majirani wameanza kunishangaa, maana kila asubuhi nimekaa nje kwa ngazi na kikombe cha chai, nikingoja kindi. Hajarudi. Paka ananililia kutoka nyuma ya kioo kama mtu aliyeonewa, na labda ameonewa. Namwambia atulie, bado tunahesabu.