Mashua Yenye Mfereji

Ting. Ting. Kimya kidogo, halafu ting tena. Mpaka leo kijiko kikigonga sufuria jikoni nageuka kuangalia. Ulikuwa waya uliolegea, upepo ukiugongesha kwenye mlingoti wa mashua, na mashua yenyewe ilikuwa Emali, nyuma ya duka la saruji na mabati, mbali kabisa na maji yoyote ya maana. Nilikuwa nimeenda kununua vitambaa vya yunifomu. Nikarudi na mashua. Ni kosa dogo ambalo lingempata mtu yeyote.

Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu aliyehamia hapo kutoka Nyeri. Aliniambia watu hawaishi kuja kuuliza bei, ila wote wanauliza bei ya trela.

"Hicho cha juu wananiambia nibaki nacho," alisema. "Wanataka magurudumu wabebee mchanga. Wewe unataka nini?"

"Nataka yote, mzee. Inaendeshwaje?"

Akaweka kikombe chake cha chai chini. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alinionyesha tanga lililokunjwa ndani ya gunia la mahindi, usukani wa mbao, na kamba za kuvuta hivi na kulegeza vile. Yeye aliinunua akitarajia kuipeleka kwenye bwawa, halafu magoti yakakataa. Akanitajia bei ambayo hata mimi, fundi wa cherehani wa soko la Tulia niliyeishia kidato cha pili, ningeiweza. Basi pesa za cherehani ya pili, ile iliyokuwa initajirishe, zikazama hapo hapo Emali, pakavu.

Tuliivuta kwa pikapu kupitia mji wa Wote, mlingoti umelazwa na kufungwa kitambaa chekundu kama gari la msiba. Kila tuliposimama watu walikuja kuuliza nani amekufa. Nyumbani Mama, ambaye kwa Kikamba namwita Mwaitu, alitoka na ungo wa ndengu mkononi, akaizunguka mashua bila haraka.

"Hii ni nini?"

"Mashua, Mwaitu."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Na maji yako wapi?"

"Mvua ikinyesha silanga itajaa."

Silanga ni bwawa letu la udongo pale bondeni, ambalo hushika maji kwa wiki chache halafu linarudia kazi yake ya kawaida, yaani vumbi. Mama alitazama bondeni, akanitazama mimi, akaendelea kupeta ndengu. Jirani yetu, mama wa kwaya, ndiye aliyeniliwaza.

"Safina imefika," aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Wanyama wataingia lini? Nina mbuzi mmoja msumbufu sana, aanze yeye."

Mtu pekee ambaye hakucheka ni mjomba wangu, kaka yake Mama, ambaye kazi yake ni kufunga matangi na gata za maji ya mvua. Aliigonga mashua kwa vidole, akatega sikio, akagonga tena. "Hii faibaglasi ni safi," alisema kwa heshima. Nikajua nimepata rafiki. Na kweli nilikuwa nimempata. Shida ilianzia hapo.

Mvua ilinikuta Tulia, cherehanini. Kwetu mvua ikigonga mabati hakuna anayeuliza chombo ni cha nani. Kila kitu chenye kitako kinatolewa nje: karai, sufuria, beseni la kuogeshea mtoto. Mimi nilikimbia njia nzima nimelowa, nikicheka peke yangu, nikiona silanga imejaa na tanga langu jeupe katikati. Nilipofika nyumbani, mashua ilikuwa chini ya ukingo wa paa, gata inamwaga ndani, imejaa karibu kumwagika. Na ubavuni, chini kabisa, uling'aa mfereji wa shaba wa kufungulia maji. Mjomba alikuwa anafuta mikono.

"Nimekuwekea mfereji," alisema. "Ule wa nguvu. Na sikulipishi."

"Mjomba, umetoboa mashua."

"Nimetoboa vizuri. Hebu angalia, hakuna hata tone."

Alisema ukweli. Sijawahi kuona chombo kikiharibiwa kwa ustadi namna ile.

Mama alileta kikombe, akafungua mfereji, akanywa. Miaka yote ninayomkumbuka, ametoka na punda na mitungi kabla sijaamka. Alisimama pale na kikombe, hana pa kwenda.

"Msichana wangu," alisema, "sasa nimeelewa kwa nini uliinunua."

Ungejibu nini? Nikasema, "Ndiyo, Mwaitu."

Akaniahidi jambo la haki kabisa: maji yakiisha, nichukue mashua yangu nikaelee. Mama alitumia maji yale kwa uangalifu wa mtu anayeweka akiba, na mashua ilipokauka nilikuta silanga nayo ni matope na alama za kwato za ng'ombe. Mvua iliyofuata ikajaza vyote viwili siku moja. Sijui kama kuna baharia mwingine duniani ambaye chombo chake huwa tayari kwa safari pale tu bahari inapoisha.

Safari hiyo Mjomba alinionea huruma. Alisema atakuja Jumapili mchana, baada ya ibada, na punda wawili wa kuvuta trela hadi silanga. Asubuhi Mama alivaa kitambaa chake cha kanisa, akasimama mlangoni.

"Silanga bado ina maji," alisema. "Ukitaka, mwaga."

Hakuwa na hasira. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

Walipoondoka wote kwenda kanisani nilitoa chandarua tulichofunikia maji, nikasimamisha mlingoti, nikapandisha tanga. Nilikaa nyuma na usukani, miguu nje, maana maji yalikuwa ya kunywa. Upepo ukashuka kutoka mlimani, tanga likavimba, trela ikalia juu ya mawe yaliyoishikilia, na maji yote yale yakaegemea upande mmoja, yakarudi. Ting, ukasema waya. Silanga ilikuwa inang'aa kule chini. Niliinama, nikaweka mkono kwenye mfereji, nikauacha hapo muda mrefu.

Halafu nilishusha tanga, nikalikunja kama nilivyoonyeshwa, nikarudisha chandarua. Mfereji ulikuwa umeanza kudondosha kidogo. Nikaukaza.